Broka Akidanganya Juu ya Shamba Lako

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Kakamega)



Katika mikutano yetu huwa tunamwonya mnunuzi wa shamba asije akauziwa hewa. Onyo hilo ni jema. Lakini tukiangaliana hapa, wengi wetu si wanunuzi. Sisi ndio wenye mashamba. Mtu ana karo ya mtoto au ana mgonjwa hospitalini, anaamua kukata kipande auze. Mnunuzi hamjui, basi anamwita broka. Baada ya miezi miwili anaitwa mwizi kijijini kwake, na hakusema neno lolote la uongo. Uongo ulisemwa na mwingine, kwa jina lake.

Huku kwetu jambo hili limeongezeka. Tangu Masinde Muliro kiwe chuo kikuu kamili mwaka 2007, na tangu serikali ya kaunti ianze mwaka 2013, ploti za kuzunguka mji wa Kakamega zinatafutwa sana. Mabroka nao wamekuwa wengi. Wako wazuri, wanajua kila mpaka na kila ukoo, na kamisheni yao wanaitolea jasho. Hao hatuna vita nao.

Tuchukue mfano wa mama mjane ambaye hati yake inasema hekta 0.16. Alitaka shilingi 600,000. Broka akamwambia, "Mama, wewe niachie mimi. Hii kazi nimeizoea." Mama akampa nakala ya hati, basi. Siku moja akaja mgeni na mkewe wakiwa na tepu ya kupimia. "Mama, mtu wako alituambia hii ni nusu ekari, barabara inapita mbele, na maji ya bomba yapo. Bei ni 800,000. Tulishampa 50,000 za kushika shamba." Mama akaruka: "Huyo si mtu wangu!" Yule mgeni akauliza kwa upole tu, "Kama si mtu wako, nakala ya hati alipewa na nani?"

Swali hilo ndilo kiini cha mazungumzo yetu. Ukimtuma mtu akakuuzie, ulimi wake unahesabiwa kuwa ulimi wako. Sheria nayo inakwenda hivyo: aliyetumwa akidanganya mnunuzi katika kazi ile ile aliyotumwa, mnunuzi anaweza kumdai aliyemtuma. Anaweza kuyavunja mapatano na kutaka pesa zake. Anaweza pia kwenda ofisi ya ardhi kuomba zuio liwekwe kwenye rejista ya shamba lako, na likishawekwa huwezi kumuuzia mwingine mpaka liondolewe. Na karo haingoji.

Tuangalie hesabu kidogo, maana uongo mwingi unajificha hapo. Hati zetu zinaandika hekta, lakini watu wananunua kwa ekari. Hekta moja ni karibu ekari mbili na nusu. Hekta 0.16 ni kama ekari 0.4. Nusu ekari kamili ni hekta 0.20. Hata ile ploti ya futi 50 kwa 100 ambayo kila mtu anaiita thumni ya ekari, haifiki. Thumni kamili ni futi 5,445 za mraba, na hiyo ina 5,000. Tena ukubwa ulioandikwa kwenye hati nyingi za huku ni wa kukadiria. Ni heri mpima ardhi apite kabla broka hajaanza kutangaza.

Sasa, ukigundua umedanganyiwa, ufanye nini? Wengi wanakimbilia kugombana na broka sokoni. Huko ni kupoteza siku. Nenda kwanza kwa mnunuzi, kabla hajatoa pesa nyingine. Mwite liguru na majirani wa mpakani, mtembee mpaka wote pamoja, umwambie ukweli: ukubwa ni huu, barabara iko pale, bomba halipo. Wengine wataondoka. Wengine watabaki na kuomba bei ipungue, na hilo ni haki. Katika mfano wetu, nusu ekari ilitajwa kwa 800,000. Ikiwa ni ekari 0.4, inapungua sehemu moja ya tano, yaani 160,000. Zinabaki 640,000. Mama angali anapata zaidi ya alizotaka, na ndipo utaona zile 200,000 zilizowekwa juu zilikuwa zinaenda wapi. Mjue kwamba faida anayoificha mtu uliyemtuma ni yako wewe, si yake.

Baada ya hapo mwandikie broka barua, hata ya mistari mitatu, kwamba tangu tarehe fulani hana ruhusa juu ya shamba hilo. Nakala mpe chifu, nyingine weka kwenye faili la kikundi. Kibao alichosimamisha king'olewe. Picha alizotuma kwa simu waambie waliozipata kwamba habari zake si za kweli. Ikiwa alipokea pesa kwa uongo, mnunuzi aende polisi na ule ujumbe wa M-Pesa, na wewe uwe tayari kuandika taarifa. Kujipatia pesa kwa uongo ni kosa la jinai. Pesa zikiwa hazizidi milioni moja, ziko pia mahakama za madai madogo chini ya sheria ya mwaka 2016.

Iko sheria ya mwaka 1984 inayotaka mawakala wa kuuza nyumba na mashamba wawe wamesajiliwa na bodi yao. Ukimpata aliyesajiliwa, mtumie. Lakini tukiwaambia msishughulike kamwe na broka wa pale kituo cha matatu, tutakuwa tunaota mchana. Kwa hiyo tuseme la kujikinga.

Hati yenyewe usiitoe mkononi, hata akisema mnunuzi anataka kuiona. Atakayetaka kuona atakuja nyumbani, au atapekua rejista. Karatasi tupu usiitie sahihi. Na kabla broka hajatoka kwako, andikeni maneno kama haya:

"Mimi fulani, mwenye shamba namba fulani, nimemruhusu fulani kunitafutia mnunuzi. Ukubwa ni hekta 0.16 kwa hati. Bei ni shilingi 600,000. Barabara iko umbali wa hatua 80. Maji ya bomba hayapo. Hana ruhusa ya kupokea pesa yoyote wala kutia sahihi kwa niaba yangu. Kamisheni yake ni kiasi fulani, nitamlipa mnunuzi akishanilipa. Ruhusa hii inaisha tarehe fulani."

Wote wawili watie sahihi mbele ya watu wawili wa kikundi. Halafu, na hapa ndipo wengi wanaachia njiani, karatasi hiyo isilale sandukuni. Mnunuzi aione. Asipojua kwamba broka hana ruhusa ya kupokea pesa, atampa, na mzozo utarudi mlangoni kwako.

Neno moja gumu, na mtusamehe. Wako wenye mashamba wanaojua broka anadanganya na wananyamaza kwa sababu bei imepanda. Wako wengine ambao hati ingali kwa jina la babu aliyekufa zamani, na broka anatangaza "hati iko tayari" huku mwenyewe anatikisa kichwa kukubali. Huyo hakudanganyiwa, ameshirikiana. Shamba la marehemu haliuzwi kabla ya kesi ya urithi kumalizika mahakamani.

Mnunuzi wa kweli akipatikana, mapatano ya kuuza ardhi lazima yawe kwa maandishi, wahusika wote watie sahihi, na kila sahihi iwe na shahidi aliyekuwepo. Shamba la kilimo linahitaji kibali cha bodi ya ardhi, na maombi yapelekwe ndani ya miezi sita tangu mapatano. Mume au mke akubali kwa maandishi. Bila kibali cha bodi mauzo ni bure, na pesa zilizolipwa zinadaiwa kama deni.

Vikundi vinavyotaka kuandika karatasi ya broka pamoja nasi, leteni nakala ya hati, kitambulisho, na jirani mmoja wa mpakani. Tepu ya kupimia tunayo, ya mita 50.