Mpaka Uliomo Ndani ya Jani

Wiki hii naomba tuzungumze juu ya jani. Sisemi jani la chai, wala lile ambalo polisi hulitafuta kwenye mabasi. Nasema jani la kawaida: la mgomba, la mahindi, la nyasi anazokata mama kwa ajili ya ng'ombe wake wa zizini.

Aliyepata kufika Moshi anaijua picha hii. Ukiupa mlima mgongo na kutazama kusini, unaona tambarare yenye joto: miwa ya TPC kule Arusha Chini, mashamba ya mahindi, na majaruba ya mpunga ya Mabogini na Chekereni. Ukigeuka kaskazini na kuanza kupanda kuelekea Kibosho, Old Moshi au Marangu, unaingia kwenye vihamba: migomba, na chini ya migomba kahawa, na mifereji ya maji ikipita katikati. Kwa vizazi vingi familia ya Kichagga iliyojaliwa ilikuwa na sehemu mbili, kihamba huko juu na shamba la nafaka huko chini.

Ukimwuliza mzee kwa nini mambo yako hivyo na si kinyume chake, atakujibu kwamba mgomba unataka maji na ubaridi, na mahindi yanataka jua. Jibu hilo ni sahihi kabisa. Lakini nimekuwa nikisoma kazi za wataalamu wa mimea, na nimeona kwamba mpaka huo kati ya kihamba na tambarare umechorwa pia ndani ya jani lenyewe. Tena ni mpaka wa kale kuliko Mlima Kilimanjaro, ambao volkeno zilianza kuujenga kiasi cha miaka milioni mbili na nusu iliyopita.

Shuleni tulikariri sote kwamba jani huchukua maji, hewa ya ukaa na mwanga wa jua, likatengeneza sukari na kutoa oksijeni. Tuliambiwa hiyo ndiyo usanisinuru, tukaandika kwenye mtihani, tukasahau. Hatukuambiwa kwamba kazi ya kuikamata hewa ya ukaa anaifanya fundi mmoja, kimeng'enya kiitwacho rubisko. Kimo ndani ya kila jani la kijani. Ugali, ndizi, hata nyama choma, vyote asili yake imepita mikononi mwa fundi huyu.

Na fundi huyu ana kasoro mbili. Kwanza ni mzito wa kazi. Pili, hatofautishi vizuri hewa ya ukaa na oksijeni. Kila anaposhika oksijeni kwa makosa, mmea unapata taka inayobidi kusafishwa kwa gharama, na sehemu ya hewa ya ukaa iliyokwisha kukamatwa inatoroka. Jua likiwa kali, makosa yanaongezeka.

Tusimlaumu sana. Rubisko ilianza kazi zaidi ya miaka bilioni mbili na nusu iliyopita, wakati hewani hapakuwa na oksijeni ya maana. Hapakuwa na haja ya kutofautisha. Baadaye vijiumbe vyenye usanisinuru vyenyewe ndivyo vilivyoijaza dunia oksijeni, na fundi akabaki na mazoea yake ya zamani. Mgomba, mbuni, maharage, mpunga na miti karibu yote ya msituni bado inamtegemea fundi huyo bila msaidizi. Wataalamu huiita mimea ya kaboni tatu, kwa sababu kitu cha kwanza inachotengeneza kina chembe tatu za kaboni.

Mahindi, miwa, mtama na ulezi ni ukoo mwingine. Mwaka 1965 watafiti wa miwa huko Hawaii walitangaza kwamba muwa hauanzi na kitu cha kaboni tatu bali cha kaboni nne. Mwaka uliofuata M. D. Hatch na Roger Slack, wakiwa Brisbane, Australia, wakaanza kuifafanua njia nzima. Kumbe mimea hiyo imeweka karani mlangoni. Karani huyo hachanganyi hewa ya ukaa na oksijeni hata siku moja. Anaipokea hewa ya ukaa, anaifunga, anaipeleka chumba cha ndani kwenye mishipa ya jani, na huko ndiko rubisko inakokaa. Fundi amefungiwa mahali ambapo karibu kila anachogusa ni hewa ya ukaa. Hata akitaka kukosea, nafasi ni ndogo.

Lakini karani halipwi bure. Mshahara wake ni nguvu ya jua. Penye joto na mwanga mwingi, kama tambarare ya Moshi, mmea unapata faida kubwa kuliko mshahara huo, na unatumia maji kidogo zaidi kwa kila kilo inayoota. Penye ubaridi na mawingu, karani ni mzigo. Mwaka 1979 Larry Tieszen na wenzake, akiwemo Simeon Imbamba wa Nairobi, walichapisha uchunguzi wa nyasi za Kenya kwa kufuata urefu kutoka usawa wa bahari. Chini ya meta 2,000 nyasi za mahali pa wazi ni za kaboni nne karibu zote. Juu ya meta 3,000 ni za kaboni tatu karibu zote. Mlima wetu uko pale pale mpakani na Kenya, na sioni sababu ya nyasi zake kufuata sheria nyingine. Mtalii anayetoka kibanda cha Mandara kwenda Horombo anavuka mpaka huo bila kujua, huku akitafuta theluji.

Kwa hiyo wazee waliogawa kihamba na shamba la chini walikuwa wameusoma mlima vizuri. Na ukitaka kuona koo hizo mbili zikipatana, nenda kilabuni ukaagize mbege. Ndizi mbivu ni za kaboni tatu, ulezi ni wa kaboni nne, na chungu ni kimoja.

Kuna na njia ya tatu. Ukishuka kwa basi kuelekea Same na Korogwe unakutana na mkonge. Wapare wana ndiva zao milimani, mabwawa yanayojazwa maji usiku na kufunguliwa mchana kumwagilia mashamba. Mkonge unafanya hivyo hivyo kwa hewa. Usiku, wakati wa ubaridi, unafungua vitundu vya majani, unaweka akiba ya hewa ya ukaa, kisha asubuhi unafunga na kuitumia akiba hiyo mchana kutwa bila kupoteza maji.

Sasa, ndugu msikilizaji, swali linalowasumbua wataalamu ni hili: karani alipatikanaje? Mageuko hayaajiri kwa tangazo gazetini. Hata hivyo njia hii ya kaboni nne imezuka zaidi ya mara sitini katika koo mbalimbali za mimea, kila ukoo kivyake. Na katika Afrika Mashariki ni ya zamani mno. Mwaka 2023 kundi la Daniel Peppe lilionyesha, kwa udongo na mabaki ya kale kutoka Kenya na Uganda, kwamba nyasi za namna hiyo zilikuwa zimetapakaa huku kwetu miaka milioni 21 iliyopita.

Ushahidi ninaoupenda zaidi, hata hivyo, ni nyasi iliyo hai. Jina lake la kisayansi ni Alloteropsis semialata. Ukipita miomboni utaikanyaga bila kuiona. Jamii hii moja ya nyasi ina watu wa aina tatu. Kusini mwa Afrika wako wasio na karani. Kuanzia Afrika mpaka Asia na Australia wako wenye karani kamili. Na katika miombo ya Tanzania na Zambia wako wa katikati, ambao wameanza safari na hawajafika. Mtaalamu Marjorie Lundgren na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sheffield, Uingereza, walieleza habari za hao wa katikati mwaka 2016. Nyasi hizo zimejifunza kuidaka hewa ya ukaa inayotoroka baada ya kosa la rubisko, zikairudisha kazini. Ni kama kuona nyumba ikijengwa: msingi upo, kuta zimefika madirishani, na unaweza kumwuliza fundi alianzia wapi.

Anayesema haya ni mambo ya wasomi, ashuke Mabogini. Mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi, uliojengwa kwa mkopo wa Japani na kukamilika mwaka 1987, uliwapa wakulima mavuno mazuri ya mpunga. Kisha walioko juu ya mfereji nao wakapanda mpunga, na maji yakaanza kugombaniwa. Mpunga ni mmea wa kaboni tatu uliopandwa katika nchi ya joto, mahali ambapo muwa wa jirani una karani na wenyewe hauna. Si kila tone linalopotea jarubani linapotelea kwenye jani, hilo nalikubali. Mengi yanazama ardhini na kukauka juani. Lakini tangu mwaka 2008 wanasayansi wa nchi kadhaa, wakiwa pamoja na taasisi ya utafiti wa mpunga ya Ufilipino, wanajaribu kuupa mpunga karani wake. Hadi leo mpunga huo haujafika shambani. Kazi ni ngumu, na wanaoifanya wanahitaji kujua hatua ambazo maumbile yalipitia. Hatua ya katikati inaota kwetu, kwenye nchi ya miombo.

Na miombo hiyo tunaifanyia nini? Tunaichoma mkaa, tunakaushia tumbaku, tunasafisha shamba jipya, tunahama. Mti ukikatwa angalau mtu anauliza. Nyasi haina wa kuiulizia. Wakati huo huo joto linapanda. Wako wanaojifariji kwamba hewa ya ukaa ikizidi ni mbolea kwa kahawa na migomba. Kwa kiasi fulani ni kweli, lakini joto linaloandamana nayo ndilo hilo hilo linaloongeza makosa ya rubisko, na mwenye kihamba cha ukanda wa chini ndiye atakayelipa kwanza.

Hifadhi ya taifa ya mimea mikavu iko Arusha, mwendo wa kilometa themanini hivi kutoka Moshi. Vyuo vikuu tunavyo Morogoro na Dar es Salaam. Ombi langu ni kwamba utafiti wa nyasi zetu usiwe kazi ya wageni peke yao. Mwalimu wa sekondari wa Moshi hahitaji hata maabara ghali: awachukue vijana wake, waanzie majarubani, wapite kwenye mahindi, wapande mpaka kihambani, na kila mmea waulizane una karani au hauna. Mmoja wao huenda ndiye atakayekwenda miomboni kuitafuta ile nyasi kabla jembe na moto havijaifikia.