Kuku wa Kitaliano Jikoni Mwako, na Fungu la Mtoto

Popote ulipo, Likoni, Kisauni, Changamwe au hata ng'ambo kisiwani, sogea karibu na redio. Kama una kalamu na karatasi ziweke tayari, maana leo tunapika. Tunapika kuku kwa mtindo wa Kitaliano.

Nasikia wengine wakicheka. Muuguzi na mapishi ya Wataliano, wapi na wapi? Lakini Wataliano si wageni pwani hii. Mwaka 1967 walirusha setilaiti kutoka jukwaa lao la baharini kule Ngomeni, kaskazini ya Malindi, na tangu hapo wengi wamekuja Malindi kukaa na kufungua hoteli. Vijana wetu waliofanya kazi katika jikoni hizo wamerudi nyumbani na mapishi yao. Na jirani zetu Wasomali wanaokula baasto walianza desturi hiyo tangu Italia ilipotawala kusini mwa nchi yao. Kwa hivyo usiogope jina.

Chakula chenyewe huitwa kwao pollo alla cacciatora, yaani kuku wa mwindaji. Ukikiangalia vizuri, ni kuku wa tungule, kitunguu na thomu, aliyefunikwa akaiva polepole. Vyote viko Kongowea. Hata jani lao la kunukia wanaloliita basilico ni rehani, ndugu wa ile tunayotia kwenye kikuba. Wao huongeza mvinyo. Sisi kijiko kimoja cha siki au maji ya ndimu kinatosha, na hakuna kitakachopungua.

Sasa nikwambie kwa nini nimechagua chakula hiki. Katika kliniki ya watoto huwa nawauliza akina mama, mtoto anakula nini? Wengi hunijibu kwa furaha, "Anakula kuku, sista, kila Jumapili." Nikiuliza kuku wa namna gani, naambiwa amepewa supu. Nyama imekwenda kwa baba, kwa mgeni, kwa kaka mkubwa. Mtoto wa miezi minane amelowekewa wali kwa mchuzi, basi.

Mama, mchuzi una ladha, una mafuta kidogo na maji mengi. Protini ya kujenga mwili na madini ya chuma ya kutengeneza damu yamebaki ndani ya nyama. Mtoto huzaliwa na akiba ya madini ya chuma, na akifika miezi sita akiba hiyo inakaribia kwisha. Wakati huo yeye ndiye anayekua mbio kuliko mtu yeyote nyumbani. Ukilinganisha na uzito wake, anahitaji madini ya chuma mengi kuliko baba yake. Akiyakosa damu hupungua, achoke, achelewe kukua, hata akili yake ichelewe. Kwa hiyo leo tunapika kuku laini ambaye mtoto asiye na meno ya kutafuna anaweza kumla.

(Muziki mfupi)

Haya, tuandike. Kwa watu sita chukua kuku mmoja aliyekatwa vipande. Tungule mbivu nane, vitunguu maji viwili vikubwa, thomu tembe nne, karoti moja, hoho moja, mafuta vijiko vitatu vya kulia, siki kijiko kimoja, chumvi kidogo, na rehani ukiipata. Usipoipata, tia dania mwishoni. Kama mfuko hauruhusu kuku mzima, nunua mapaja mawili na maini. Paja lina madini ya chuma kuliko kidari, na ini linalipita paja mbali sana.

Kuku wa kienyeji au wa gredi? Yeyote. Nasikia watu wakisema kuku wa gredi amedungwa homoni ndiyo akakua kwa wiki sita. Anakua haraka kwa sababu ya mbegu yake na chakula anacholishwa. Mnunue kwa mtu unayemwamini, ambaye akimtibu kuku kwa dawa husubiri siku zilizoandikwa kwenye dawa hiyo kabla ya kumchinja.

Jambo la joto letu. Ukienda sokoni, kuku awe kitu cha mwisho kununua, usianze naye kisha uzunguke saa mbili ukitafuta viatu vya shule. Anayevuka feri kwenda Likoni jioni, au anayekaa kwenye foleni ya Changamwe, anajua mfuko wa nyama unavyopata moto. Mfunge peke yake, mbali na mboga, na ukifika umpike siku hiyo hiyo.

Na sasa kuosha. Hapa najua tutabishana. Wataalamu wa usalama wa chakula wanashauri kuku mbichi asioshwe, kwa sababu maji yanaporuka hueneza vijidudu kwenye sinki, kwenye vyombo, hata kwenye nguo yako. Vijidudu hivyo ndivyo vinavyoleta kuhara. Lakini mimi ni mtu wa hapa. Najua kuku aliyenyonyolewa uani ana manyoya na damu, na hakuna atakayempika hivyo. Basi mwoshe ndani ya karai, taratibu, usimweke chini ya bomba. Karai likae mbali na sahani na kachumbari. Maji yake yamwage chooni, karai lisuguliwe kwa sabuni na maji moto. Ndimu na chumvi huondoa shombo tu. Kinachoua vijidudu ni moto.

Kisu na kibao vilivyokata kuku visikate tungule wala kachumbari kabla ya kuoshwa kwa sabuni. Ukiweza, kata mboga zote kwanza, kuku baadaye. Kisha osha mikono kwa sabuni kabla hujamshika mtoto. Nalisema hili kwa sababu kuku huiva vizuri, lakini mtoto anahara kesho yake kwa sababu ya kachumbari iliyokatwa kwa kisu kile kile.

Bandika sufuria pana, mafuta yapate moto. Weka vipande vya kuku vibadilike rangi pande zote, kama dakika kumi, uvitoe. Katika mafuta hayo hayo kaanga vitunguu mpaka vilainike, tia thomu, karoti iliyoparwa na hoho. Tia tungule zilizokatwa ndogo ndogo, na siki. Zikisharojeka, rudisha kuku pamoja na maji yote aliyoyatoa. Usitie chumvi bado. Punguza moto, funika, acha atokote polepole. Kuku wa gredi dakika 40 hivi, wa kienyeji saa moja na nusu au zaidi, ukiongeza maji moto kidogo kidogo. Anayetumia makaa apunguze mkaa, maana tungule hupenda kushika chini. Maini, kama unayo, yatie robo saa ya mwisho.

Utajuaje ameiva? Choma penye nyama nene karibu na mfupa. Majimaji yakitoka meupe bila wekundu, nyama ikaachana na mfupa bila kuvutwa, ameiva. Ikiwa bado ndani ni waridi, mrudishe, hata kama watoto wanalia njaa.

Kabla ya chumvi, na kabla ya viungo vya unga vya dukani ambavyo vimejaa chumvi, toa fungu la mtoto. Nataka mlikumbuke hili hata kama mengine yote mmeyasahau. Chukua nyama ya paja au kipande cha ini, ichambue kwa vidole vilivyooshwa, uhakikishe hakuna kijifupa hata kimoja, kisha iponde na tungule zake na kiazi au wali laini. Iwe nzito, isimwagike kwenye kijiko. Mtoto wa miezi sita aanze na vijiko viwili au vitatu vya kulia kwa mlo. Wa miezi tisa nusu kikombe. Aliyetimiza mwaka robo tatu ya kikombe mpaka kikombe kizima. Maziwa ya mama yanaendelea. Aliye chini ya miezi sita hapewi chochote katika hiki, hata mchuzi wa kuonja.

Mpe kwenye sahani yake mwenyewe. Kwenye sinia moja na kaka zake, nyama hatakuwa ameiona. Firigisi ya baba sina ugomvi nayo, mila ni mila. Ini naliomba kwa mtoto na kwa mama. Mama mjamzito ale kipande kidogo tu cha ini, si kila siku, kwani vitamini A ikizidi sana si nzuri kwa mimba.

Wakubwa sasa watie chumvi na rehani. Kula na spageti, na kama ni ghali, wali, sima au viazi vyaenda vizuri kabisa. Mchicha pembeni. Vitamini C iliyo katika tungule na hoho husaidia mwili kuchukua madini ya chuma ya mchicha huo. Chai ya rangi ingoje saa moja baada ya chakula, kwani huyazuia.

Kikibaki, kisikae juu ya meza zaidi ya saa mbili. Asiye na friji apike cha kuisha. Mwiku wa kuku uliolala jikoni kwa joto hili usimpe mtoto. Uliolala frijini uchemshe mpaka utokote, mara moja tu.

Mtoto akihara, endelea kumnyonyesha na kumlisha, mpe maji ya ORS, na umlete kliniki apewe dawa ya zinki. Ukiona damu kwenye choo, macho yameingia ndani, anatapika kila kitu au hawezi kunyonya, usingoje asubuhi, mpeleke hospitali usiku huo huo.

Nimekuwa muuguzi wenu wa jamii. Wiki ijayo, kwa wakati huu huu, tutazungumza juu ya minyoo. Kwaherini.