Mkopo na Masharti Yake: Safari ya Mzee Edwin Mtei

(Mazungumzo ya Kamati ya Elimu, sherehe ya miaka kumi ya kikundi, Daraja Mbili, Arusha)



Kamati ya Elimu tumepewa dakika chache kabla ya chakula, na harufu ya pilau tunaisikia kama nyinyi, kwa hiyo hatutawachosha. Tuliombwa tuzungumzie mwanamke na uchumi. Tumeona heri tuzungumze habari za mwanamume mmoja, tena jirani. Wenzetu wanaofuata ndizi soko la Tengeru wanayajua mashamba ya kahawa ya upande ule. Huko ndiko Mzee Edwin Mtei alikofanya makazi na kulima kahawa baada ya kutumikia fedha za nchi na za dunia. Wengi wanamjua kwa siasa, maana ni mwanzilishi wa CHADEMA mwaka 1992. Siasa leo tuiache. Tunaitaka ile kazi yake ya fedha, kwa sababu mwezi ujao na sisi tunapiga kura juu ya mkopo.

Mzee Mtei alizaliwa Marangu mwaka 1932, na utotoni alichunga mbuzi. Hilo hakulionea haya: kitabu cha maisha yake, kilichotoka mwaka 2009, kimelitaja hata kwenye jina. Akasoma mpaka Makerere. Benki Kuu yetu ilipofunguliwa Juni 1966, yeye ndiye aliyekuwa Gavana wa kwanza, na sahihi yake ikawa kwenye noti za kwanza za shilingi ya Tanzania. Mwaka 1974 akaja hapa hapa Arusha kuwa Katibu Mkuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, hadi ilipovunjika mwaka 1977. Ndipo akawa Waziri wa Fedha.

Hapo sasa ndipo penye habari yetu. Mwaka 1979 hazina ilikuwa imekauka. Jumuiya imevunjika, vita vya Kagera vimekula fedha, mafuta yamepanda bei. Serikali ikabisha hodi Shirika la Fedha la Kimataifa, ile IMF tunayoisikia redioni. Shirika likasema sawa, lakini mna masharti: shusheni thamani ya shilingi, punguzeni matumizi ya serikali, legezeni udhibiti wa biashara. Wakati ule dola moja ilikuwa kama shilingi 8 tu. Waziri Mtei aliona hakuna njia nyingine. Mwalimu Nyerere akakataa katakata. Hakutaka nchi ipangiwe siasa yake na mkopeshaji. Mtei akajiuzulu mwishoni mwa mwaka ule. Hakubaki kwenye kiti akitia sahihi jambo asiloliamini, na sisi hilo tunalihesabu kuwa uungwana.

Nani alikuwa na haki? Hata ndani ya Kamati tumebishana. Waliokuwa watu wazima miaka ile wanakumbuka foleni za sukari na sabuni. Halafu mwaka 1986, chini ya Rais Mwinyi, tukakubaliana na Shirika lile lile, na mwaka huo huo dola ikapanda kutoka chini ya shilingi 20 hadi zaidi ya 40. Dawa iliyokataliwa mwanzo tukainywa baadaye, tena kikombe kikubwa. Lakini jamani, miaka iliyofuata tukaambiwa tuchangie ada shuleni na dawa hospitalini, na mzigo huo aliubeba mama. Kwa hiyo Mwalimu naye hakuogopa kivuli.

Na Mzee Mtei? Kuanzia mwaka 1982 hadi 1986 alikuwa Washington, Mkurugenzi Mtendaji katika bodi ya Shirika hilo hilo, akizisemea nchi zaidi ya kumi za Afrika. Tumewauliza wanaojua, ile bodi inafanyaje kazi? Kumbe nayo ina hisa. Kila nchi huweka fungu lake, na anayeweka kingi ana kura nyingi. Marekani peke yake ina zaidi ya asilimia 16 ya kura, na mambo makubwa hayapiti bila asilimia 85. Maana yake Marekani ikisema hapana, basi. Mkurugenzi wetu anaweza kuongea kutwa nzima kwa hoja nzuri, lakini kura zake na za nchi zote alizozibeba ni chache.

Hapa kwetu katiba inasema vingine. Mwenye hisa tano na mwenye hisa moja wote wananyoosha mkono mmoja. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa wanawake watatu wasiokaa nyumba moja. Kwa miaka kumi riba tunayolipa imerudi kwetu wenyewe kila mwisho wa mzunguko.

Sasa amekuja mkopeshaji wa nje, hatumtaji, na anatupa fedha za kununua mashine ya kusaga. Fedha ni nzuri na mashine tunaihitaji. Lakini anataka hati za nyumba za wanachama watano ziwe dhamana, na anataka mtu wake aingie kwenye kamati ya mikopo, mwenye uwezo wa kuzuia uamuzi wetu. Kamati ya Elimu hatusemi mkatae. Tunasema sharti la hati lijadiliwe, pengine mashine yenyewe iwe dhamana. Hilo la pili hatuliungi mkono, na tutalisema wazi siku ya kura.

Masharti yote yameandikwa kwa Kiswahili na yako kwa Katibu. Asiyejua kusoma asomewe na mwenzake, siyo na afisa wa mkopo. Yale maswali yenu yaandikeni yafike kwetu kabla ya Jumamosi ya kwanza ya mwezi, maana Jumatatu yake tunakwenda kuonana naye, na tunakwenda watatu.

 Karibuni chakula.