Daftari la Kikundi na Kampeni za Kwenye Simu

Haya ni mazungumzo niliyotoa kwa wawakilishi wa vikundi vya kujisaidia tulipokutana Lunga Lunga. Nimeyaandika karibu sawa na nilivyoyasema.

 

Nimeombwa nizungumze juu ya siasa na intaneti. Najua kuna wanaosema moyoni, hayo ni mambo ya Nairobi, sisi huku wengi tuna kabambe za tochi, na mtandao wenyewe ukikaribia mpaka unarukia Tanzania. Ngojeni kidogo. Nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Mwanzoni mwa 2021 nilikuwa katibu wa kikundi chetu. Akaja kijana mmoja, mtu wa adabu, tena mtoto wa huku huku. Akasema kuna mheshimiwa anataka kusaidia vikundi kwa viti na hema, lakini kwanza anahitaji orodha ya chama: majina, namba za vitambulisho na namba za simu. Mimi niliposikia chama nikafikiri ni hiki chetu cha kuweka na kukopa. Nikampa daftari. Hata hakulibeba. Alitoa simu, akapiga picha kurasa sita, akanywa chai, akaenda zake. Viti hatujaviona mpaka leo.

Mwezi wa Juni mwaka huo huo, Wakenya wengi waliangalia kwenye tovuti ya serikali ya eCitizen wakakuta wameandikwa kuwa wanachama wa vyama vya siasa ambavyo hawakujiunga navyo. Mlisikia kelele zake redioni. Kwetu, msichana mmoja wa kikundi alikuwa anataka kuomba kazi ya ukarani wa uchaguzi kwa tume, na karani hatakiwi kuwa mwanachama wa chama chochote. Alipoangalia, jina lake limo. Nikaangalia langu, nami nimo. Mweka hazina naye yumo. Siwezi kuapa kwamba majina yetu yalitoka kwenye zile kurasa sita, hakuna awezaye kuthibitisha. Lakini usiku ule sikulala vizuri, na kumweleza mama yake yule msichana ilikuwa kazi ngumu kuliko hotuba hii.

Kwa nini mtu atake majina yetu? Sababu ya kwanza ni sheria. Sheria ya Vyama vya Siasa ya 2011 inataka chama kinachoomba usajili kamili kiwe na wanachama wasiopungua 1,000, wapiga kura walioandikishwa, katika kila kaunti, na kaunti zenyewe zizidi nusu ya zile 47. Maana yake ni kaunti 24. Kuwatafuta watu hao mmoja mmoja kwa mguu ni shida. Daftari la kikundi linakupa 30 kwa kikombe kimoja cha chai.

Sababu ya pili ndiyo ya intaneti. Zamani gari la kipaza sauti likipita hapa barabarani, tulisikia wote maneno yale yale, mvuvi, mkulima, chifu na mpinzani wake pia. Mgombea akidanganya tulimuuliza barazani. Sasa mwenye kutangaza anaweza kuipa Facebook orodha ya namba za simu, nayo ikatafuta wenye namba hizo, tangazo likaonekana kwao tu. Au achague umri na mahali. Mvuvi wa Vanga aahidiwe injini ya mashua, mkulima wa Mwereni aahidiwe hati ya shamba, na kijana atishwe kwamba kabila fulani linakuja kuchukua kazi. Ahadi haigongani na ahadi, kwa sababu hakuna aliyesikia zote mbili.

Hili si jambo la kubuni. Kampuni ya Uingereza, Cambridge Analytica, iliandika yenyewe kwamba kwa uchaguzi wetu wa 2013 ilihoji Wakenya 47,000, ikajua haja yao ni kazi na hofu yao ni vita vya kikabila, ikapanga kampeni juu ya hayo. Mwezi wa Machi 2018 televisheni ya Channel 4 ilionyesha wakubwa wake waliorekodiwa kwa siri, mmoja akijisifu kwa kampeni za 2013 na 2017, hata kuandika hotuba. Jubilee ilijibu kwamba kampuni mama, SCL, ilisaidia kutengeneza sura ya chama tu. Mimi sina la kuongeza hapo. Lakini oneni walianzia wapi: walianza kwa kuuliza watu wanaogopa nini.

Mwaka 2017 pia ilisambazwa video iliyoonyesha Kenya ya 2020 imejaa vurugu na njaa, eti kwa sababu Raila Odinga ameshinda. Shirika la Privacy International lilieleza Desemba mwaka huo kwamba tovuti ya kumchafua Raila na nyingine ya kumsifu Uhuru Kenyatta zote zilihusiana na kampuni moja ya Texas, Harris Media. Mtu wa Texas angejua nini juu ya Lunga Lunga! Na msidhani ni upande mmoja tu, kwani siku hizi kila kambi ina vijana wake wanaolipwa kusambaza maneno.

Sisemi intaneti ni mbaya. Mwaka 2022 tume iliweka fomu 34A za vituo 46,229 kwenye tovuti yake, mwananchi yeyote akaweza kulinganisha na ile iliyobandikwa mlangoni. Na Oktoba 2025, wenzetu wa Horohoro na Tanzania yote walipozimiwa mtandao siku ya kura, sote tuliona hasara ya kukaa gizani.

Sasa tufanye nini? Iko Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Anayechukua habari zako lazima akwambie ni za kazi gani, na asizitumie kwa kazi nyingine bila kibali chako. Akikosa, unaweza kumshtaki kwa Kamishna wa Kulinda Data. Lakini sheria hiyo inatushika sisi pia tunaoweka madaftari. Majina yale si mali ya katibu.

Wenye WhatsApp, ingieni kwenye mipangilio, sehemu ya faragha, mchague kwamba anayeweza kuwaingiza kwenye vikundi ni watu mnaowajua tu. Mkipokea video ya kutisha, msiitume mbele usiku ule ule. Ulizeni kwanza imetoka kwa nani na kalipa nani.

Mama mmoja wa Dzombo aliniuliza, kama mgombea ana nia njema ya kweli, tumkatae? Nikamwambia, aje kwenye mkutano wa kikundi, aseme mbele ya wote anataka majina ya nini, na kila mtu aseme ndiyo au hapana kwa jina lake mwenyewe. Msaada wa viti hauhitaji namba ya kitambulisho.

Kwetu tulikuwa na jambo la kuchekesha. Pesa zetu ziko kwenye sanduku la kufuli tatu, funguo kwa watu watatu. Daftari lenye majina ya wote lilikuwa mezani kwangu, juu ya redio. Tangu mwaka ule linakaa ndani ya sanduku, na hutolewa mbele ya wanachama tu.

Uchaguzi mwingine ni Agosti 2027. Wanaotaka kuangalia kama wameandikwa kwenye chama, au kuandika barua ya kujitoa kwa chama na nakala kwa Msajili wa Vyama vya Siasa, waje na vitambulisho vyao baada ya chai. Nitakaa pale chini ya mwembe.