Glavu ya Kuoshea Gari na Ulinzi wa Rangi: Mchanga wa Mwanza, Ndoo ya Muosha Magari na Maji ya Mto Mirongo

1.0 Utangulizi

Kata ya Mirongo, iliyomo katika Wilaya ya Nyamagana jijini Mwanza, ina jina moja na mto unaokatiza katikati ya jiji na kumwaga maji yake katika Ziwa Victoria. Kuosha magari ni miongoni mwa kazi zinazowapatia vijana wa mjini riziki, kwa kuwa mtaji wake ni mdogo: ndoo, sabuni ya unga, maji na tambara. Mada hii inajadili kifaa kinachopewa uzito mdogo kuliko vyote katika orodha hiyo, yaani kile kinachogusana na rangi ya gari, na hoja yake kuu ni kwamba glavu ya kuoshea haipaswi kupimwa kwa ulaini wake mkononi pekee, bali kwa namna inavyoupokea mchanga kutoka kwenye rangi na namna inavyouachia ndani ya maji.

2.0 Rangi na Kinachoikwaruza

Rangi ya magari mengi ya kisasa hupakwa kwa matabaka: la chini hushika bati, la kati hubeba rangi yenyewe, na la juu ni vanishi angavu inayoleta mng'ao na kuzuia jua lisiipaushe rangi. Unene wa vanishi hiyo kwa kawaida ni kati ya mikroni 35 na 50, mikroni moja ikiwa ni sehemu ya elfu ya milimita, kwa hiyo ni nyembamba kuliko karatasi ya kawaida ya kuandikia. Kila mkwaruzo huondoa kiasi fulani cha tabaka hilo, na fundi anayeufuta kwa kupiga polishi hana njia nyingine isipokuwa kulipunguza tabaka lote hadi usawa wa mkwaruzo.

Kwa Mwanza, jambo hili lina uzito wa pekee. Miamba iliyolipatia jiji sifa yake ni ya matale, na matale yanapomomonyoka kwa jua na mvua huacha mchanga wenye chembe nyingi za kwazi, yaani madini ya quartz. Katika kipimo cha ugumu wa madini kilichobuniwa na Friedrich Mohs mwaka 1812, kwazi ina daraja la 7 ilhali kioo cha dirisha kina takriban 5.5; kwa hiyo chembe inayoweza kuchora kioo haiwezi kushindwa na vanishi. Ndiyo maana gari lililotoka kwenye barabara ya vumbi, likafutwa kwa tambara kavu, huonyesha juani mistari myembamba ya duara inayofanana na utando wa buibui. Mistari hiyo huchorwa na mchanga; tambara ni mkono tu unaouburuta.

3.0 Uchaguzi wa Glavu

Vifaa vilivyozoeleka vinaweza kupimwa kwa kigezo cha namna vinavyoupokea mchanga na kuuachia. Sponji bapa lina uso usio na kina, hivyo chembe hubaki kati yake na rangi na kusuguliwa kila mkono unapopita. Fulana kuukuu ni laini, lakini mishono, vifungo na maandishi yaliyochapwa juu yake ni migumu, na pamba iliyochakaa haina mahali pa kuuhifadhi mchanga. Dodoki na brashi ya kufulia vinafaa kwa matairi, lakini havina nafasi kwenye boneti.

Glavu ya mikrofaiba hufumwa kwa nyuzi za poliesta na poliamidi zenye wembamba usiofikia denia moja, denia ikiwa ni uzito kwa gramu wa uzi wenye urefu wa mita 9,000. Iliyo bora kwa kuoshea ni ile yenye vishungi virefu kama vidole, kwa kuwa chembe hupenya katikati yake na kukaa mbali na rangi. Glavu ya manyoya ya kondoo nayo ina kina kikubwa zaidi na huteleza vizuri juu ya vanishi, ila hukauka polepole, huoza ikihifadhiwa mbichi, na hudhoofishwa na sabuni kali. Kwa kazi ya kila siku inayopokea magari mengi, mikrofaiba ya vishungi ndiyo inayostahimili zaidi. Mnunuzi akague mshono wa pembeni na lebo, ambayo yafaa kukatwa kabla ya matumizi.

4.0 Matumizi na Utunzaji

Glavu nzuri inayotumiwa vibaya haitofautiani na tambara. Gari linapaswa kwanza kumwagiwa maji mengi ili mchanga ulio huru uondoke, kisha lioshwe kuanzia juu ya paa kushuka chini, kwa sababu sehemu za chini za milango na bampa ndizo zenye mchanga mwingi. Ndoo ziwe mbili: moja ya sabuni, nyingine ya maji matupu ya kusuuzia glavu kila sehemu moja inapokamilika. Glavu ikidondoka chini haifai kurudi kwenye rangi kabla ya kusuuzwa kikamilifu, na glavu ya rimu isichanganywe kamwe na ya bodi, kwani vumbi la breki lina chembe za chuma.

Baada ya kazi, glavu ya mikrofaiba ifuliwe peke yake kwa sabuni ya maji isiyo kali, katika maji ya uvuguvugu yasiyozidi nyuzijoto 40, bila dawa ya kulainishia nguo, ambayo huzipaka nyuzi utando na kuzinyima uwezo wa kunasa uchafu. Dawa ya klorini huharibu manyoya na hudhoofisha poliamidi. Glavu ianikwe kivulini, mbali na vumbi, na ikishikamana vishungi au kukakamaa, ihamishiwe kwenye matairi.

5.0 Maji ya Ndoo na Ziwa

Mchanga uliotolewa kwenye glavu huandamana na sabuni, mafuta na vipande vya nyuzi za plastiki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 katika Journal of Great Lakes Research, uliochunguza sangara na sato walionunuliwa Mwanza, ulithibitisha kuwepo kwa plastiki katika matumbo ya asilimia 20 ya samaki wa kila aina, na poliesta ilikuwa miongoni mwa plastiki zilizotambuliwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, inazuia shughuli zinazoweza kuathiri hifadhi ya kingo za mito na mwambao wa maziwa ndani ya mita 60. Kwa hiyo glavu isisuuzwe mtoni. Maji ya ndoo yaachwe yatuame, yachujwe kwa kitambaa, kisha yaelekezwe kwenye shimo la maji taka.

6.0 Hitimisho

Inapendekezwa kwamba vikundi vya waosha magari vitenge glavu za bodi na za matairi kwa rangi tofauti, vitumie ndoo mbili, na viwe mbali na kingo za mto. Mwenye gari naye ana kipimo rahisi cha huduma aliyopewa: achungulie kitako cha ndani cha ndoo ya kusuuzia. Mchanga unaoonekana pale ni ule ambao haukuburutwa juu ya gari lake, na ndoo isiyo na mchanga kabisa, baada ya safari ya vumbi, inampasa aulize mchanga huo umeishia wapi.