Neno kwa Wazazi: Habari za Kumpeleka Mtoto Chuo cha Ualimu
(Hotuba iliyosomwa Makumira siku ya jubilii)

Tumepewa neno moja la kusema, nalo ni habari za watoto wetu wanaotaka kuwa walimu, na fedha ya kuwasomesha.

Neno hili si geni katika nchi ya Meru. Mwaka 1896 wamisionari Ewald Ovir na Karl Segebrock waliuawa Akeri. Hata hivyo mwaka 1902 wenzao walirudi wakajenga Nkoaranga, na kanisa na shule vikaenda pamoja. Mwaka 1912 chuo cha walimu kikawako Marangu. Hapa Makumira chuo cha wachungaji kilihamia mwaka 1954 kutoka Lwandai, Usambara, kilikoanza mwaka 1947. Leo ni chuo kikuu, nacho chafundisha walimu pia. Jirani yetu Patandi pana chuo cha Serikali kinachowaandaa walimu wa watoto wenye ulemavu. Basi njia za ualimu ziko nyingi, na asiyeuliza aweza kupotea karibu na nyumbani kwake.

Nasi tulipotea. Miaka iliyopita tulikuwa na kijana mmoja mtaani mwetu, mwenye bidii, yatima wa baba. Tukachanga fedha ya kahawa, na mama yake akauza ng'ombe aliyekuwa akikamuliwa. Tukachagua chuo kwa sababu moja tu: fedha ya kwanza waliyoitaka ilikuwa ndogo. Hatukuuliza jingine. Kisha zikaja fedha za mitihani, za sare, za malazi, na za mazoezi ya kufundisha. Mwisho tukasikia kwamba chuo hakikuwa na kibali cha kutoa mafunzo yale. Kijana akarudi bila cheti, na zizi la mama likabaki tupu. Hakutulaumu yeye, sisi wazee ndio tuliomshika mkono tukampeleka.

Kwa hiyo twawaomba, kabla ya kutoa hata shilingi moja, ulizeni maneno matatu.

La kwanza: chuo hiki kina kibali, na mafunzo haya yamekubaliwa? Habari za vyuo vikuu huulizwa kwa Tume ya Vyuo Vikuu. Habari za vyuo vya ualimu vilivyo chini ya hivyo, mwaweza kuanzia kwa afisa elimu wa wilaya. Msiridhike na karatasi yenye picha nzuri.

La pili: mtoto atafundisha nani, na somo gani? Zamani aliyehitimu chuo alikuwa akipangiwa kazi na Serikali. Siku hizi huomba nafasi kama wengine, na huitwa kwenye usaili. Basi na achague somo analoliweza na linalohitajiwa, asifuate tu rafiki zake.

La tatu: gharama yote ni kiasi gani, tangu siku ya kuingia hata siku ya kutoka? Andikeni ada, chakula, malazi, vitabu, nauli, na mazoezi ya kufundisha. Ada ndogo ya chuo cha mbali yaweza kuizidi ada kubwa ya chuo cha karibu, ukihesabu nauli na chumba.

Tena kuna mkopo. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Tangu mwaka 2023 imewakopesha pia wanafunzi wa stashahada katika masomo yaliyochaguliwa, yakiwamo baadhi ya masomo ya ualimu. Yatima asikose kuomba. Lakini cheti cha kuzaliwa na cheti cha kifo cha mzazi vitafutwe mapema na kuhakikiwa, maana wengi hukwama hapo. Nanyi vijana, kumbukeni kwamba mkopo ni deni: aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi hata deni liishe.

Sasa yuko binti mmoja kwetu atakaye kuwa mwalimu wa hisabati. Mama yake ana ng'ombe mmoja, na maziwa yake ndiyo yanunuayo chumvi na sabuni siku ya soko la Tengeru. Wako waliosema, "Na auzwe." Sisi tumekataa. Tumeuliza kwanza yale maneno matatu, tukaandika hesabu yote, na kila nyumba imeahidi sehemu yake kwa kila msimu wa kahawa hata amalize. Jina la mweka hazina na daftari viko wazi kwa kila atakaye kuona.

Na yule kijana wetu hatukumsahau. Tumekwenda kwake, tukamwomba radhi. Ndiye aliyetuandikia hesabu ile ya binti, asisahau hata nauli. Kabla hatujamaliza tulimwambia kwamba jina lake yeye litaandikwa la pili katika daftari. Hajatujibu bado. Twangoja, na mchango wake umekwisha kuanza kuwekwa.