Karo ya Chuo Kikuu: Wa Katikati Naye Asikilizwe

Hotuba kwa wazazi, Gede



Katika mfumo wa ufadhili ulioanza 2023, kila mwanafunzi wa chuo kikuu hupimwa uwezo wa jamaa yake, kisha huwekwa katika moja ya makundi matano, yaitwayo bendi. Bendi ya kwanza, nyumbani hulipa asilimia 5 ya karo. Bendi ya tano, asilimia 40. Iliyobaki ni ufadhili na mkopo.

Chukua kozi ya shilingi 240,000 kwa mwaka. Wa kwanza hutoa 12,000, wa tano 96,000. Maskini kupunguziwa ni haki, hilo halina ubishi. Tatizo ni kwamba bendi ya tano huanzia mapato ya zaidi ya shilingi 120,000 kwa mwezi, na juu yake hakuna nyingine. Mume mwalimu na mke muuguzi wakifika hapo kwa taabu, huhesabiwa sawa na mwenye mahoteli Watamu. Tena mishahara yao huonekana yote. Mapato ya mwenye duka, nani ayajuaye?

Mahakama Kuu iliubatilisha mfumo huu Desemba 2024. Machi 2025 Mahakama ya Rufaa ikasimamisha hukumu hiyo. Kesi ni kesi, karo haingoji.

Mwanafunzi aliyewekwa bendi isiyomfaa ana nafasi ya kukata rufaa. Ukubwa wa jamaa nao hupimwa, kwa hiyo ndugu walioko shuleni waandikwe wote, na stakabadhi zao za karo ziambatishwe.